Juisi ya mwalimu

Kijana aliingia uani kwetu Jumamosi saa nne asubuhi, shati limenyooshwa, begi la kamba moja begani. Alimsalimia kila mtu kwa daraja lake: shikamoo mama, habari za leo dada, mambo vipi mdogo wangu. Wauza mashine za kuchujia maji wana adabu kuliko wagombea wakati wa kampeni. Akaomba glasi mbili. Moja akaijaza kwenye koki yetu ya uani, ya pili akaimiminia maji aliyokuja nayo kwenye chupa, "haya yamepita kwenye mashine." Kisha akatoa kidude chenye vijiti vya chuma, akakichomeka kwenye umeme, akavitumbukiza vijiti kwenye glasi zote mbili kwa mpigo.

Haikupita dakika moja maji ya bomba yakaanza kubadilika. Yakawa njano, yakawa kahawia, halafu ukapanda juu uji wa rangi ya kutu uliomfanya mama wa chumba cha tatu aseme "Yesu wangu" na wa chumba cha pili aseme "Astaghfirullah." Glasi ya mashine ikatulia vilevile, nyeupe.

"Haya ndiyo mnayowapa watoto," kijana akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mimi nafundisha kemia sekondari. Nikaingia ndani, nikatoka na chumvi kwenye ncha ya kijiko. Nikamwambia, mdogo wangu, naomba nitie hii kwenye hayo maji yako masafi, halafu urudie. Hakutaka. Lakini uani tulikuwa watu kumi na moja na wote walikuwa wanamtazama. Akarudia. Maji ya mashine yakatoa uji mzito kuliko wa kwanza.

Siri yake ni ndogo. Kijiti kimoja ni cha chuma. Umeme ukipita majini, chuma kinamumunyuka na kugeuka kutu. Maji yaliyokamuliwa chumvichumvi zote hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo kijiti hakiliki. Ule uchafu haukuwa wa mto Ruvu, ulikuwa wa kijiti. Watu wakacheka, kijana akafungasha, na mimi nikatembea uani mabega juu mpaka saa kumi jioni, mama wa chumba cha tatu aliponifuata nikianua nguo.

"Mwalimu, sasa kama yule kijana mwongo, ina maana maji yetu ni salama?"

Nikabaki na nguo mkononi. Nilikuwa nimeonyesha kwamba kipimo chake ni cha uongo. Cha kwangu kilikuwa wapi?

Hapa Tabata, Dar es Salaam, tunakunywa mto Ruvu, na mara nyingi tunausahau. Mto huu unashuka kutoka milima ya Uluguru, unazunguka Pwani, unaingia baharini karibu na Bagamoyo, na njiani jiji linauchota kwa mitambo miwili mikubwa: Ruvu Juu pale Mlandizi, uliojengwa 1959 na sasa una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini wa 1976, lita milioni 270. Mtamboni tope linatuamishwa, maji yanachujwa, yanatiwa klorini. Wengi wetu tunadhani kazi ya klorini inaishia hapo, kwamba ilishaua wadudu na basi. Inaua, kweli, lakini kuna kiasi kinachoachwa makusudi ndani ya maji ili kiyasindikize njiani. Ni kama kumsindikiza mgeni usiku: humwachi mlangoni, unakwenda naye hadi barabarani apate gari. Shirika la Afya Duniani linataka msindikizaji huyo awe bado yupo maji yanapomfikia mnywaji, angalau miligramu 0.2 kwa kila lita. Akiwa hayupo, chochote kitakachoingia kuanzia hapo hakina wa kukizuia.

Na vya kuingia vipo. Bomba lililojaa maji kwa presha hata likiwa na ufa linavujia nje. Likiwa tupu, ufa uleule unanyonya. Kila mgao wa maji ni siku ambazo bomba linaweza kunyonya vya jirani, na jirani wa bomba katika mitaa yetu ni mtaro. Mnakumbuka Oktoba 2022, Ruvu ulipopungua kina na ratiba za mgao zikasambaa kwenye simu zetu kama kadi za harusi. Maji yakirudi baada ya siku tatu tunashangilia, tunafungua koki, tunakinga yale ya kwanza kabisa kwa pupa. Ya kwanza ndiyo mabaya. Yaache yatoke hadi yaoneshe weupe, yakinge kwa ajili ya choo na kudekia, ndipo ujaze dumu la kunywa. Wenye tanki lenye boya hawana nafasi hiyo: boya halijui maji ya kwanza ni yapi, linayapokea yote. Kama kuna koki kabla ya tanki, ifunge siku ya mgao, uje uifungue mwenyewe.

Lakini narukia mbali. Rudi kwenye kipimo.

Binamu yangu anatunza bwawa la kuogelea la hoteli moja. Kila asubuhi anapima klorini ya bwawa kwa kiboksi kidogo cha plastiki: unakinga maji, unatia kidonge cheupe, unatikisa. Kukiwa na klorini maji yanageuka ya waridi, na jinsi yanavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Pembeni kuna vioo vya rangi vyenye namba vya kulinganishia. Nilimwomba aniazime mwisho wa wiki, akanipa na vidonge vya kutosha na onyo: klorini ikizidi mno rangi inafutika, usije ukadhani hakuna kitu kumbe ni dawa tupu. Wengine wanauza kipimo kingine chenye matone yanayogeuza maji kuwa njano. Kinafaa kwa bwawa, ila kwa maji ya kunywa napendelea kile cha waridi, kwa sababu kinatofautisha klorini iliyo huru na ile iliyokwisha kujishikisha na uchafu ikapungukiwa nguvu.

Nikapima sehemu tatu. Koki iliyo kwenye mita, pale maji yanapoingia kiwanjani: waridi hafifu, nikasoma 0.3. Msindikizaji yupo. Watoto wakashangilia, mmoja akauliza kama inanyweka, na tangu siku hiyo kipimo kinaitwa juisi ya mwalimu. Koki ya uani, inayotoka kwenye simtanki: hakuna rangi. Nikarudia, hakuna. Dumu la mama wa chumba cha pili: hakuna.

Kati ya mita na koki ya uani ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu. Yametoka Mlandizi, yamepita makumi ya kilomita na msindikizaji wake, halafu yakampoteza kwenye hatua kumi na nne za kiwanja chetu.

Simtanki letu ni la lita 2,000, jeusi, juu ya mnara wa zege, linaota jua kuanzia saa mbili asubuhi. Joto linaila klorini. Tope linaila zaidi. Nikamwomba baba mwenye nyumba ruhusa tulifungue. Alikuwa amekaa barazani, akanitazama kama nimemwomba hati ya kiwanja.

"Shikamoo mzee. Ni kulisafisha tu."

"Marahaba. Tanki la plastiki, mwalimu. Halioti kutu. Lisafishwe nini?"

Fundi alipanda. Mfuniko ulikuwa na ufa wa kuingiza viganja viwili, umefunikwa kipande cha bati na tofali. Akachungulia, akanyamaza, akaomba tochi. Chini kulikuwa na tope la kimo cha vidole vitatu, laini kama uji wa mtoto. Ukutani utando unaoteleza. Na kwenye kona, mjusi kafiri, au tuseme kilichobaki chake. Baba mwenye nyumba alipanda ngazi mwenyewe, na umri ule, akaona, akashuka. Hakusema kitu. Kesho yake mfuniko mpya ulikuwa umenunuliwa.

Nieleze tulivyosafisha, maana ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Tulimwaga maji yote kupitia koki ya chini, tukakusanya tope kwa ndoo, tukasugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu bila mtu kuingia ndani. (Tanki la chini ya ardhi ndilo hatari zaidi, watu wamekufa humo kwa kukosa hewa. Kama ni lazima mtu aingie, asiwe peke yake, na juu kuwe na mtu wa kumvuta kwa kamba.) Tukasuuza mara mbili. Kisha tukalijaza na kutia klorini nyingi, si ya kunywa, ya kuua: lita 1 ya dawa ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000 za maji. Jiki yetu ilikuwa imeandikwa asilimia 3.5, kwa hiyo kwa lita 2,000 zetu ilitakiwa lita 3 kasoro kidogo. Nilifanya hesabu ile kwa chaki ukutani mbele ya watoto wawili wa kidato cha pili, na nina hakika waliielewa kuliko siku niliyoifundisha darasani. Jiki iwe ile isiyo na manukato, na isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi: zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu. Tukafungua kila koki mpaka harufu ya klorini ikasikika, ili mabomba nayo yapate, tukafunga, tukaacha usiku kucha. Asubuhi tukamwaga yote mbali na mboga za watu, tukasuuza, tukajaza upya.

Jioni hiyo juisi ya mwalimu kwenye koki ya uani ilikuwa ya waridi. Hafifu, 0.2, lakini ipo.

Ningeweza kuishia hapo na makala ingekuwa tamu. Tatizo ni kwamba klorini inakuambia kama mlinzi yupo. Haikuambii kama mwizi ameshaingia. Kwa hilo unahitaji kutafuta bakteria wa kinyesi, na kinyesi ndicho tunachokiogopa hasa katika maji ya mjini. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa nchini na kuambukiza watu zaidi ya 20,000 kilipita njia hiyo. Kanuni ya kimataifa haina huruma hapa: katika mililita 100 za maji ya kunywa, bakteria aina ya E. coli asionekane hata mmoja. Na hapo ndipo macho yanapokosa kazi. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, na kwa hawa tunaowazungumzia hata tone moja kwenye kijiko ni Bahari ya Hindi, wanaogelea na nafasi inabaki.

Shemeji yangu aliposikia habari hizi akaja na kipimo chake, kile kinachofanana na kalamu, unakichovya kinatoa namba. Akapima ya bomba, akapima ya chupa ya dukani, ya chupa yakatoa namba ndogo, akafurahi. Kile kinapima chumvichumvi, basi. Kinakusaidia kujua kisima chako kina chumvi kiasi gani. Chini ya miligramu 600 kwa lita ladha ni nzuri, ukivuka 1,000 mdomo wenyewe unakataa. Ila chukua maji ya mvua, yatie tone la chooni, kalamu itakupa namba ndogo na kukupongeza.

Mwenzangu wa idara ya bayolojia alinipatia vichupa vya kipimo kingine. Ndani kuna kipande cha karatasi chenye kemikali na chakula cha bakteria. Unajaza maji hadi alama, unafunga, unaweka kabatini; joto la Dar linatosha. Baadhi ya bakteria wanaoishi tumboni hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo inaigeuza karatasi kuwa nyeusi. Unaangalia baada ya saa 24, unaangalia tena baada ya 48. Kilibuniwa India mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya vijiji visivyo na maabara. Si kipimo cha mahakamani: kisima kirefu ambacho maji yake yenyewe yananuka yai viza kitakupa weusi bila kinyesi chochote. Lakini kwa bomba la mjini kinasema vya kutosha.

Nilipanga vichupa tisa kwenye kabati la vyombo: kimoja cha mita, kimoja cha koki ya uani baada ya kusafisha tanki, na saba vya madumu ya vyumba saba. Saa 24 zilipotimia cha mita kilikuwa cha njano, kama nilivyokiweka. Cha koki vilevile. Kati ya saba vya madumu, kimoja kilikuwa cheusi tititi, cheusi kama masizi, kabla ya wenzake wote. Niligeuza nione namba niliyoiandika chini yake.

Cha kwangu.

Dumu langu nililikata mdomo miaka mingi iliyopita ili kikombe kipite. Nafikiri nyumba nyingi hapa mjini zina dumu la namna hiyo. Kikombe kinaingia, na vidole vinaingia na kikombe, vyangu, vya mwanangu aliyetoka kucheza, vya mgeni aliyesema naomba maji dada, nikamwambia chota tu. Dumu lile nililiosha lini? Nilipokuwa nasimulia mjusi wa baba mwenye nyumba mtaa mzima, bakteria walikuwa wanazaana mguuni pa meza yangu. Kufikia saa 48 vitano kati ya saba vilikuwa vyeusi. Viwili vilivyobaki vilikuwa vya mama wa chumba cha tatu, anayetia dawa ya maji na kutumia ndoo yenye koki chini, na vya bibi wa chumba cha sita, ambaye bado ana mtungi wa udongo wenye kawa juu na kata yenye mpini mrefu inayoning'inia kwenye msumari. Hakuna mkono unaofika kwenye maji yake. Nilikuwa nauona mtungi ule kama kumbukumbu za kijijini.

Basi nikajifunza kwa kichupa changu. Dumu lenye mdomo mwembamba, la kumimina, si la kuchota. Au ndoo yenye mfuniko na koki. Dumu nalo lioshwe kila linapokwisha maji, kwa sabuni na brashi au kwa mchanga kidogo na kutikisa, si kusuuzwa tu.

Kuhusu kuchemsha, ambako mama zetu wengi ndiko wanakoanzia na kuishia: kunaua karibu vijidudu vyote vya maradhi, pamoja na vile vya kuharisha ambavyo klorini haiviwezi. Maji yachemke kwa kububujika kabisa. Kwetu pwani dakika moja inatosha, si lazima kuteketeza mkaa robo saa. Ila maji yaliyochemshwa hayana msindikizaji. Ukiyamimina kwenye dumu langu lile la zamani yanarudi yalikotoka kufikia jioni. Yaache yapoe kwenye sufuria ileile, yamefunikwa. Dawa ya maji ina faida hiyo: inaua na inabaki kulinda. Kidonge kikubwa cha kawaida ni cha lita 20. Fuata kilichoandikwa kwenye pakiti yako, subiri dakika 30, na ladha ikikuudhi acha chombo kikae muda zaidi kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope dawa inaliwa na tope, kwa hiyo yatuamishe kwanza. Bibi yangu mzaa mama, Rufiji, alitwanga mbegu za mlonge akakoroga mtungini. Mjini tunatumia shabu. Vyote viwili vinashusha tope, na bakteria wengi hushuka nalo, lakini si wote. Yakishang'aa bado yanahitaji kuuliwa wadudu.

Wanafunzi wangu wasio na pesa ya gesi wala vidonge niliwafundisha jua. Chupa ya plastiki angavu, isiyozidi lita 2, isiyokwaruzika, imejazwa maji maangavu. Ilaze juu ya bati saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kama ukiweka chupa juu ya gazeti huwezi kusoma kichwa cha habari kupitia maji, tope ni jingi, jua halitapenya. Kuna mzazi alikuja shuleni kuuliza kama hii ni mambo ya kisayansi au ya mganga. Nikamwambia ni mwanga na joto vinafanya kazi pamoja, akaondoka anatikisa kichwa, lakini naambiwa bati lake limejaa chupa.

Maji ya dukani sina mengi ya kusema. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kizibo kinachokatika kwa sauti unapokifungua, na usinunue chupa ambayo lebo yake imechakaa wakati maji eti ni mapya. Wakongwe mnaokumbuka maji ya Kandoro, yale ya mfuko wa nailoni unaoung'ata kwenye kona, hamna haja ya kuambiwa kwamba kufungwa si kutibiwa.

Kimebaki kisima, na hiki ndicho kilichonikosesha usingizi.

Mzee wa kiwanja cha pili ana kisima alichokichimba mwenyewe. Katika jiji ambalo visima vingi vya karibu na bahari vinatoa maji ya chumvi, chake ni kitamu, na siku za mgao watu wanapanga foleni ya madumu tangu alfajiri. Hakina kina kirefu. Nilipima kwa hatua kutoka kisimani hadi choo cha shimo cha jirani yake, ng'ambo ya ukuta: hatua kumi na tano. Umbali unaoshauriwa ni mita 30 na zaidi, lakini viwanja vyetu vyenyewe ndivyo hivi, ukikimbia choo cha huyu unakutana na cha yule. Na masika kuna wanaotapisha vyoo usiku mvua ikinyesha, mnajua, sina haja ya kueleza. Nilichota chupa moja. Iligeuka nyeusi kabla ya asubuhi.

Unamwambiaje mtu mzima kitu kama hicho? Nilikwenda jioni baada ya magharibi, nikasalimia, nikakaa, nikaulizia wajukuu. Nilipofikia nilichokuja kusema aliniacha nimalize.

"Mwanangu, tunakunywa maji haya tangu enzi za Mwalimu."

"Ndiyo, baba. Enzi hizo choo cha jirani kilikuwepo?"

Akatazama ukuta. Halafu akasema wateja wake wote wanachemsha. Hapo ndipo ilipobidi niwe mwalimu kweli. Shimo la choo halipeleki kisimani bakteria peke yao, linapeleka pia naitreti, ambayo haina rangi, haina ladha, na haichemki ikaondoka; kila maji yanavyopungua kwenye sufuria, yenyewe inazidi. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima anaweza kunywa iliyozidi asihisi kitu, lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa, akageuka rangi ya bluu midomoni. Hiyo kichupa changu hakiwezi kuipima. Inatakiwa maabara, kama ile ya Wizara ya Maji pale Ubungo: unauliza kwanza, unapewa chupa zao, ile ya bakteria usiisuuze wala kugusa ndani ya kizibo, unaiweka kwenye barafu na kuifikisha siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Nilimwambia nitakwenda naye. Nikamwambia pia kwamba maji yake si ya kumwaga: kufulia, kudekia, chooni, yanafaa, na siku za mgao ni neema. Aandike tu kibao kwamba si ya kunywa.

Hakunijibu. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama kawaida yake.

Wiki tatu zikapita. Foleni ya madumu ikaendelea, kibao hakuna, na mimi nikawa napita njia ya nyuma. Nilishaamua kwamba nimevunja ujirani kwa ajili ya kichupa. Leo saa mbili usiku nikasikia hodi. Ni yeye, amevaa kanzu, ameshika chupa ya soda iliyojaa maji, ameifunga kwenye mfuko mweusi kama mtu anayebeba dawa ya siri.

"Mwalimu, haya ni ya kisimani. Nilimwita fundi, tumeinua ukingo na kuzibia pembeni kwa saruji, tumetia dawa. Nataka uyatazame tena. Sijamwambia mtu."

Nilimweleza kwamba saruji ya pembeni inazuia yanayoingia juu, haizuii yanayopita chini. Akasema anajua, ila niyatazame. Nikamwomba aje asubuhi na mapema, mimi mwenyewe nitachota kwenye chupa safi, maana ya soda haiwezi kusema ukweli. Akakataa kuondoka bila kuona nimeweka hata hiyo. Basi nimeweka. Nimeandika tarehe na saa kwenye karatasi ya gundi, nimekipanga kichupa kabatini kati ya sukari na majani ya chai, na ameketi kidogo tukazungumza habari za wajukuu.

Sasa ni saa tano usiku. Nimekwisha kukichungulia mara nne. Bado ni cha njano.